Kikomo cha Floraidi

Chota maji ya kisima kilicho chini ya Mlima Meru uyatie kwenye glasi: mara nyingi ni meupe, hayana harufu. Ukiyachemsha utaua vijidudu, lakini floraidi iliyotoka kwenye miamba ya volkano haiondoki, tena inazidi kukolea kadiri maji yanavyokauka sufuriani. Alama yake ni meno ya mtoto kuota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wowote. Kwa anayeinywa kwa wingi miaka na miaka, hata mifupa hukakamaa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kikomo cha muda cha miligramu 8, baadaye kikashushwa hadi 4, ndipo kikaja kufika 1.5. Muda huo ulikuwa mrefu mno, kwa sababu kikomo ndicho jicho la serikali. Kikiwa 4, chupa iliyopelekwa maabara ikaonyesha 3.5, maji yanaandikwa kuwa yanafaa: kisima hakitengewi fedha, mama hapewi onyo, na meno ya mwanawe yanaendelea kuharibika.

Waliotetea kikomo kile walikuwa na hoja nzito. Ukifunga kisima penye ukame, watu wataenda bwawani, na kipindupindu kinaua kwa siku chache. Nakubali, kisima kisifungwe. Lakini kukiacha wazi ni jambo moja, kuyaita maji yake salama ni jambo lingine kabisa. Yangeweza kuendelea kutumika kufulia na kuogea, kipimo chake kikatangazwa kijijini, na maji ya chemchemi yenye floraidi kidogo yakatengwa kwa watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajijenga. Isitoshe, magadi yanayotiwa kwenye maharage nayo yana floraidi. Penye magadi, kikomo cha maji kilistahili kubana zaidi. Kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kilichofanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hupunguza floraidi vizuri, ila mkaa ukichoka maji hutoka meupe vile vile, na ni kipimo tu kitakachokwambia. Nani wa kukidai kipimo hicho? Mijini, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huzidai mamlaka za maji taarifa za ubora. Vijijini, RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa 2019, ndiyo inayochimba visima na ndiyo inayosimamia vyombo vya watumia maji, yaani mchimbaji na msimamizi ni mmoja, na mkaa uliochoka unamsubiri yeye yule.