KUHIFADHI NAMBA ZA SIMU NA KUPIGA KWA HARAKA

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kwamba simu ya mkononi ni daftari la majina pia. Daftari hilo likitunzwa vyema huokoa muda, mali na hata roho ya mtu. Likiwekwa ovyo, mwenyewe hutaharuki siku ya dhiki.

Chukuliwe mfano wa mkaazi wa kijiji katika Wilaya ya Rungwe. Usiku wa mvua na ukungu mkewe anashikwa na uchungu, na hospitali ya wilaya iko Makandana, mjini Tukuyu. Saa hiyo si ya kutafuta karatasi yenye namba ya dereva. Yafaa kitufe kimoja tu kitoshe.

Katika simu nyingi za vitufe, tarakimu 1 imetengwa kwa ujumbe wa sauti, na 2 hadi 9 huweza kupewa mtu mmoja kila moja. Mwenye simu hufungua orodha ya majina au mipangilio, akatafuta sehemu ya upigaji wa haraka, akachagua tarakimu, kisha jina. Baadaye huibonyeza tarakimu hiyo bila ya kuiachia mpaka simu ianze kupiga. Njia hii humfaa sana mzee asiyeona vyema. Ama namba 112 ya Polisi, 114 ya Zimamoto na 115 ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, hizo ni fupi, na zikaririwe na kila aliyemo nyumbani.

Aidha, mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Namba ihifadhiwe kwa +255 mahali pa sifuri ya mwanzo. Mfanyabiashara wa Tukuyu anayepitia Kyela na kuvuka mpaka wa Kasumulu, akitumia laini ya Malawi, hatampata mtu wa nyumbani kwa namba inayoanza na sifuri.

(b) Majina yaliyomo katika kadi ya laini hupotea pamoja nayo. Laini ikirejeshwa, namba huwa ileile, lakini kadi mpya huja tupu. Hivyo basi, namba muhimu zinakiliwe pia katika daftari la karatasi.

(c) Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umewatia watu wengi hasara. Ukija bila ya jina, umetoka kwa namba usiyoihifadhi. Hata ukija na jina, simu huweza kuwa imeibiwa. Mpigie ndugu yako, usikie sauti yake kabla ya kutuma. Namba ya tapeli ipelekwe 15040.

(d) Namba ya siri ya fedha isiandikwe kamwe miongoni mwa majina.

Mwisho, kila mmoja anaombwa aikague simu ya mzazi wake, ampangie tarakimu mbili au tatu, na kuzijaribu pamoja naye mchana, angali na utulivu.