Siku ya Tatu Si Jumatatu

Programu huria na sisi: sehemu ya pili

Mama anayeuza vitenge Birere akikuambia kwamba mzigo wake utavuka mpaka siku ya tatu, usimpigie simu Jumatatu. Siku ya tatu ya Goma ni Jumatano. Huku tunaanza kuhesabu tukishatoka kanisani: siku ya kwanza ni ile ambayo Mombasa wanaiita Jumatatu, na Jumapili yenyewe ni siku ya yenga. Watu wa pwani wao walianza hesabu baada ya Ijumaa. Hakuna aliyekosea, kila upande ulihesabu kuanzia siku yake ya ibada. Tatizo ni simu. Simu haisali popote, kwa hiyo lazima mtu aiambie leo ni siku gani, na kwa Kiswahili cha nani.

Juma lililopita nilieleza programu huria ni kitu gani: kazi iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuirekebisha. Msomaji mmoja akaniuliza swali la Kikongo kabisa: mkubwa wa hao wanaoifanya kazi hiyo ni nani? Nitamjibu kwa kutumia hizo siku zetu.

Maneno ambayo simu huandika kwenye kalenda yake hayatungwi na kiwanda cha simu. Yanatoka katika hazina moja iitwayo CLDR, inayotunzwa na Unicode, muungano ulioandikishwa California mwaka 1991 ili kila herufi ya dunia ipewe namba yake. Hazina hiyo ilianzia kwa kundi jingine, Unicode wakaipokea mwaka 2004. Google, Apple na Microsoft huchota humo, na wewe pia unaweza kuchota bila kulipa. Kila lugha ina faili lake: majina ya siku, ya miezi, ya nchi, ya fedha, hata alama ya kutenga desimali.

Kwa miaka kadhaa Kiswahili cha Kongo kilikuwa na faili lake humo, kwa jina la herufi tatu: swc. Herufi hizo zilitoka kwenye orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3, iliyochapishwa mwaka 2007, ambayo iliweka Kiswahili chote chini ya mwavuli mmoja kisha ikagawa chini yake: swh kwa wale wa mashariki, swc kwetu. Ukilifungua ulikuta maneno ya nyumbani. Siku ya yenga, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, siku ya ine, siku ya tanu. Saa za asubuhi zilikuwa "ya asubuyi", za alasiri "ya muchana". Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kama mtu aliyekutana na jirani yake wa Ndosho katika mji wa ugenini.

Kisha nikalisoma kimwalimu, na kicheko kikaisha. Januari ilikuwa "mwezi ya kwanja", ilhali siku, katika faili lile lile, ilikuwa "ya kwanza". Novemba ilikuwa "mwezi ya kumi na moya". Ukishuka mstari mmoja, Desemba ni "mwezi ya kumi ya mbili". Kwanja na kwanza zote utazisikia kwetu, kutegemea msemaji alikulia wapi, na sina ugomvi na yoyote kati yake. Lakini zote mbili katika ukurasa mmoja, pamoja na "na" iliyogeuka "ya" kati ya mwezi na mwezi, ni alama ya kazi ambayo haikupita mbele ya jicho la pili. Simlaumu aliyeandika. Yeye alikuja, akakaa, akajaza. Ambao hatukuja ni sisi wasomi wa Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, tunaoweza kubishana usiku kucha kuhusu Kiswahili bora.

Faili lile halipo tena peke yake. Leo swc ni jina la zamani tu, linaloipeleka mashine kwenye sw_CD, maana yake "Kiswahili, nchi ya Kongo". Na hapa kuna kanuni ya kiufundi ambayo ningependa isomwe polepole: katika hazina hii, mtoto asipokuwa na neno lake hurithi la mzazi. Mzazi wetu ni sw, faili la Kiswahili cha jumla. Penye neno la Kongo, simu inaandika la Kongo. Penye ukimya, inaandika la mzazi, yaani Jumatatu. Faida ipo: faili la mzazi ni pana, lina maelfu ya maneno ambayo sisi tusingeyajaza kwa miaka. Na miongoni mwa vitu tulivyobaki navyo imo koma. Dukani Goma kilo mbili na nusu huandikwa 2,5, na faranga elfu moja ni 1.000, kinyume cha Wakenya. Hilo sw_CD linalitunza, na mwenye duka anayepokea faranga na dola kwa pamoja hahitaji kuelezwa kwa nini ni muhimu.

Sasa, mkubwa ni nani? Kamati ipo, na Mark Davis, mmoja wa waanzilishi wa Unicode, aliiongoza kazi hii miaka mingi. Lakini kamati haiwezi kujua kama Goma husema kwanja. Inachoweza ni kupanga namna ya kuulizana: maneno yanapendekezwa katika msimu wa wiki chache, yanapigiwa kura, yenye kutatanisha yanajadiliwa. Na kura hizo hazilingani uzito. Ya mgeni ni nyepesi, ya mhakiki aliyetumwa na mwanachama ni nzito. Kwa hiyo neno "kujitolea" nalitumia kwa tahadhari. Mezani wamo wanaolipwa mshahara ili wakae pale, na yumo mwalimu wa Himbi anayenunua mega kwa fedha yake na kuomba umeme usikatike kabla hajamaliza miezi kumi na miwili.

Hata hivyo desturi ya kazi hizi haikuanzia kwa makampuni. Tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, alitoa andiko la kwanza la kanuni za mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Alikuwa kijana, akaogopa kuonekana anaamuru wakubwa wake, ndiyo sababu akaliita ombi la maoni. Jina hilo la unyenyekevu linatumika mpaka leo. Rafiki yake Jon Postel akawa mhariri wa maandiko hayo mpaka alipofariki Oktoba 1998. Karibu miaka thelathini ya kupanga namba, kusahihisha, kumrudishia mtu andiko lake na kumwambia aya hii haieleweki. Ukiniuliza mkubwa wao, nitamtaja huyo kabla ya mwenyekiti yeyote. Wahandisi wa intaneti hata leo, wakitaka kujua kama wamekubaliana, mara nyingi hawahesabu mikono. Huambiwa wavume midomo ikiwa imefungwa, na mwongozaji anasikiliza upande gani una mvumo mkubwa.

Wazee watakumbuka salongo ya Mobutu: kufagia barabara siku iliyopangwa, na ole wako usipoonekana. Kazi ilifanyika kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuhesabu vichwa. Katika hazina hii hakuna anayehesabu vichwa. Usipokuja hakuna faini, ila neno lako halimo.

Je, turudishe maneno yote ya faili la zamani? Miezi, hapana. Sijamsikia mtu sokoni akisema mwezi ya kwanja. Mji huu husema janvier, na waliosoma Kiswahili shuleni husema Januari. Siku ni jambo jingine, kwa sababu siku tunazisema kila saa, na ya tatu na Jumatatu zinapishana kwa siku mbili nzima.

Nimejaribu hapa kwangu. Niliwapa wanafunzi kumi karatasi moja, waandike siku za juma kwa zamu, kila mmoja akisahihisha wa mbele yake. Mpaka siku ya tatu walikwenda vizuri. Ya nne iliwagawa, ine au nne, na kila kundi lina bibi wa kulitolea ushahidi. Jumamosi ikawagawa zaidi: siku ya sita, au siku ya posho kama wazee wasemavyo? Karatasi ipo mezani kwangu, na mistari hiyo miwili bado ni mitupu.