Saruji haipendi safari

Kampuni ikitangaza faida nono, mnunuzi wa hisa aanze na swali la kichokozi: tajiri mwenye fedha nyingi akijenga kiwanda kesho, atainyang'anya faida hiyo? Katika saruji ya Tanzania, tajiri huyo alikuja kweli. Mwaka 2015 Dangote ilifungua Mtwara kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, na vita ya bei ikaanza.

Tanga Cement, wenye saruji ya Simba, walikutwa na mzigo wa mkopo wa tanuri la pili, wakaumia. Twiga Cement, iliyoanza uzalishaji mwaka 1966 na kuingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006, iliendelea kugawa faida kwa wanahisa.

Tofauti haikuwa jina. Fundi atakutajia saruji anayoipenda, lakini mwenye nyumba akiona nyingine ina nafuu ya shilingi mia tano kwa mfuko, mapenzi hayo huisha dukani. Twiga ililindwa na mahali ilipo. Mawe ya chokaa yanachimbwa pale pale kiwandani, Wazo Hill jijini Dar es Salaam, gesi ya Songo Songo inafika kwa bomba tangu 2004, na soko kubwa kuliko yote nchini liko mlangoni. Saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, hivyo lori hula faida njia nzima. Mfuko wa Mtwara husafiri zaidi ya kilomita 500 kabla ya kufika Dar es Salaam. Uwe na tanuri kubwa kiasi gani, umbali huo unaulipia kila siku.

Kwa hiyo kwenye biashara hii naiamini ramani kuliko kurasa za mwanzo za ripoti ya mwaka, zile zenye picha za wakurugenzi.

Ipo njia nyingine ya kujilinda: kumnunua jirani. Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, wenye hisa nyingi Twiga, walikubaliana kuinunua Tanga Cement. Baraza la Ushindani likauzuia ununuzi huo mwaka 2022. Ununuzi ulikamilika hatimaye mwaka 2023, na mwaka uliofuata hisa hizo za Tanga zikaenda kwa kampuni ya Amsons. Ulinzi wa aina hiyo uko mikononi mwa wadhibiti, na mimi nisingeulipia hata senti.

Hata mahali pazuri huzeeka. Jiji limepanuka hadi kuizunguka Wazo Hill, na mgogoro wa ardhi katika eneo la Chasimba uliichukua kampuni miaka mingi. Reli ikishusha gharama ya kusafirisha mizigo mizito, umbali unaowazuia washindani utapungua makali. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wanahisa wengi huuliza gawio litalipwa lini. Mimi ningeuliza mawe ya chokaa yaliyobaki ni ya miaka mingapi, na mkataba wa gesi unaisha lini.