Ankara iliyofika nusu: Somo la seva kwa wafanyabiashara wa mpakani

LORI limeegeshwa Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, likielekea Kigali. Ankara ya mzigo imetumwa tangu jana kutoka Dar es Salaam, na kwenye kompyuta ya wakala wa forodha faili linaonekana lipo. Wakala analibofya, linakataa kufunguka. Limefika nusu. Mwenye mzigo akipigiwa simu, hapatikani. Dereva anazima injini.

Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani huwaweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja, lakini hakuna ofisa anayeweza kupitisha mzigo kwa ankara isiyosomeka. Ndiyo maana seva ya kupokea mafaili, ambayo wengi huiona ni kazi ya mafundi, ni suala la biashara. Karani kijana mwenye kompyuta moja na jioni chache za kujifunza anaweza kuandika ya kwake.

Utaratibu wa tangu 1971

Seva ya mafaili ni programu inayokaa macho ikisubiri hodi. Utaratibu wake maarufu, FTP, uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1971 na Abhay Bhushan, kijana kutoka India aliyekuwa MIT nchini Marekani. Maelezo yanayotumika kama msingi hadi leo yalitolewa Oktoba 1985.

Mazungumzo yake ni mafupi. Mteja hubisha hodi kwenye mlango namba 21, seva hujibu 220, yaani iko tayari. Mteja hutaja jina, seva hujibu 331: toa neno la siri. Likiwa sahihi, jibu ni 230. Mteja akituma faili na likapokewa lote, seva hujibu 226. Kwa mfanyabiashara, namba hiyo ndiyo stakabadhi.

Anayeanza hahitaji kuandika utaratibu huo wote. Kwa lugha ya Python, programu ya kwanza ina hatua nne: kuchagua mlango, kusikiliza, kumkubali aliyebisha hodi, kisha kusoma anacholeta na kukihifadhi. Mistari michache inatosha.

Kosa la kila anayeanza

Tatizo hujitokeza baada ya furaha ya kwanza. Karani hujaribu kwa faili dogo, kompyuta ikijitumia yenyewe, na linafika. Akijaribu ankara iliyopigwa picha kwa skana, inafika imekatika.

Sababu ni kwamba mtandao haushushi faili kwa mkupuo. Ni kama wapagazi wanaoshusha magunia: yanakuja kwa mpangilio, lakini kwa safari nyingi. Programu ikiambiwa isome baiti 4,096, maana yake ni kwamba isizidi hapo, na huenda ikapata pungufu. Faili la baiti 245,760 linahitaji angalau safari 60. Aliyeandika programu ya kusoma mara moja amepokea mpagazi wa kwanza na kufunga ghala.

Dawa yake kila mfanyabiashara anaijua: kuhesabu. Mtumaji atangulize ukubwa wa faili, na seva iendelee kusoma mpaka hesabu itimie. Muunganisho ukikatika kabla ya hapo, seva iseme wazi kwamba faili halijafika. Wakati wa kupokea, faili lihifadhiwe kwa jina la muda, na lipewe jina lake halisi likishatimia. Hapo hakuna wakala atakayefungua nusu akidhani ni nzima.

Siri za mzigo

Kuna hatari nyingine. FTP ya 1985 hupitisha neno la siri waziwazi, na aliye kwenye mtandao huohuo anaweza kulisoma. Wizi wa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo chake Finland ndio uliomsukuma Tatu Ylönen kutengeneza SSH mwaka 1995. SFTP, inayopita ndani ya SSH kwenye mlango namba 22, hufunga mazungumzo yote. Mwaka 2021 vivinjari vya Chrome na Firefox viliachana na FTP.

Kwa hiyo seva ya mazoezi ibaki ndani ya ofisi. Nyaraka za wateja zina bei, namba za simu na namba za mlipakodi, na mshindani akiziona, biashara imevuja. Sheria nazo zipo: Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Nyaraka hizo zipite kwenye seva ya SFTP iliyokwisha kutengenezwa na kujaribiwa na wengi.

Lakini jioni za karani hazikupotea. Aliyewahi kuandika seva anajua iliyonunuliwa inapaswa kufanya nini, na mfanyabiashara naye anaweza kumuuliza wakala wake maswali matatu kabla lori halijang'oa nanga: Seva yenu inahesabu inachopokea? Inafunga neno la siri? Inatoa jibu faili likikatika?

Akijibiwa ndiyo mara tatu, ankara mbovu itagundulika Dar es Salaam, mwenye mzigo akiwa bado ofisini na uwezo wa kuituma upya.