Chumvi, Maji na Kifo cha Seli

Kachumbari ikitiwa chumvi huanza kuchuruzika: chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya nyanya na tango. Kanuni hiyo hiyo hufanya kazi mwilini mwa binadamu kila dakika, na seli iliyoshindwa kuidhibiti haina maisha.

Majimaji yanayoizunguka seli yakipungua chumvi, maji hujipenyeza ndani na seli huvimba. Utando wake ni mwembamba mno. Ukizidiwa, hupasuka, vilivyomo vikamwagika na kuzidhuru seli za jirani. Kinga yake ni chaneli za ioni, vinjia vya protini vilivyopita katikati ya utando. Vikifunguka, kloridi na potasiamu hutoka, maji huzifuata, na kwa dakika chache seli hurudia ukubwa wake. Kwa miaka mingi watafiti waliupima umeme unaopita katika njia hiyo ya kloridi bila kujua imejengwa na nini. Jibu lilipatikana mwaka 2014, tena kwa makundi mawili yasiyofanya kazi pamoja: la Ardem Patapoutian huko California na la Thomas Jentsch mjini Berlin. Protini yenyewe ni LRRC8A.

Kuna upande wa pili. Seli iliyochakaa au kuharibika hujiua kwa utaratibu uitwao apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972. Seli hiyo haivimbi, husinyaa. Potasiamu nyingi huvizuia vimeng'enya vya kuibomoa, kwa hiyo sharti itoke kwanza, na maji pamoja nayo. Mwaka 2000 kundi la Yasunobu Okada nchini Japani liliziba chaneli za kloridi na potasiamu, na seli zilizokwisha kuamriwa kufa zikanusurika.

Hapo ndipo saratani inapoingia. Sisplatini, dawa inayotumika sana kutibu saratani ya shingo ya kizazi, huua kwa kuiamsha apoptosisi. Mwaka 2015 kundi la Berlin lilionyesha kwamba, katika seli walizozichunguza, karibu nusu ya dawa hiyo huingia kwa kupitia chaneli hiyo ya kloridi, mlango uliojengwa na LRRC8A na mwenzake LRRC8D. Mlango ukikosekana, seli huwa sugu. Wagonjwa wa saratani ya ovari wenye LRRC8D kidogo kwenye uvimbe walielekea kuishi muda mfupi zaidi.

Sisplatini huumiza figo na masikio. Kumpa mgonjwa ambaye uvimbe wake hauipokei ni kumwongezea mateso bure, na kipimo cha kuutambua uvimbe wa namna hiyo kabla ya tiba kinastahili kutafutwa kwa bidii.