Gari la Umeme kwa Makato ya Mshahara: Hesabu ya Mfanyakazi Mwenye Familia

Katibu wa chama cha akiba na mikopo hahitaji kufundishwa maana ya makato. Mwanachama hutia sahihi idhini, mwajiri hukata, na fedha huletwa chamani kila mwisho wa mwezi. Huko Uingereza utaratibu unaofanana na huo umeenea kama njia ya kumpatia mfanyakazi gari la umeme la kutumia yeye na familia yake. Tofauti ni kwamba mfanyakazi hakatwi baada ya kodi kutozwa, bali hukubali mshahara wenyewe upunguzwe kabla ya kodi. Mwajiri hulikodi gari kutoka kwa kampuni ya kukodisha, kwa kawaida kwa muda wa miaka 2 hadi 4, na mfanyakazi hulitumia kazini na nyumbani. Gari halipati kuwa mali yake. Muda ukiisha hulirudisha.

Wauzaji huusifu sana mpango huu, na sehemu kubwa ya sifa hizo ni ya kweli. Hata hivyo, kiasi cha mwezi kinachoandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo si gharama yote, wala gari lililo rahisi katika daftari la kodi si lazima liifae nyumba yenye watoto watatu. Mambo hayo mawili yapasa kupimwa mbalimbali. La tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni yale yatakayotokea endapo ajira itakoma kabla ya mkataba.

Unafuu unatoka wapi

Tangu Aprili 2017 sheria ya kodi ya Uingereza imekuwa kali kwa mfanyakazi anayeacha sehemu ya mshahara ili apewe manufaa mengine badala yake. Kwa manufaa mengi hutozwa kodi juu ya kile kilicho kikubwa zaidi: ama mshahara alioacha, ama thamani ya manufaa aliyopewa. Magari yasiyotoa zaidi ya gramu 75 za hewa ya ukaa kwa kilometa yaliachwa nje ya kanuni hiyo. Gari la umeme halitoi hewa hiyo liendapo, kwa hiyo mwenye kupewa hutozwa juu ya thamani ndogo tu iliyokadiriwa na serikali. Bila ya msamaha huo mpango usingekuwa na mvuto mkubwa.

Thamani hiyo ni asilimia fulani ya bei ya gari iliyomo katika orodha ya mtengenezaji. Punguzo alilopewa mwajiri halihesabiwi. Kwa magari ya umeme asilimia ilikuwa 2 hadi Aprili 2025, ikawa 3 kwa mwaka wa kodi ulioanza hapo, na kwa mwaka wa Aprili 2026 ikawekwa 4. Baada ya hapo sheria imekwisha kupanga 5, kisha 7 kwa mwaka wa 2028, na 9 kwa mwaka wa 2029. Anayetia sahihi mkataba wa miaka minne kuanzia Aprili 2026 atapitia ngazi hizo zote. Gari likiwa na bei ya orodha ya paundi 40,000, naye akiwa mlipaji wa kodi ya asilimia 20, atalipa paundi 320 mwaka wa kwanza, lakini mwaka wa nne atalipa 720. Jumla ya miaka minne ni paundi 2,000. Gari la petroli la bei iyo hiyo, lililo katika daraja la asilimia 30, lingemtoza 2,400 kwa mwaka mmoja tu. Basi unafuu ni wa kweli, ingawa haukai mahali pamoja.

Na tutazame makato yenyewe. Tuseme mshahara unapunguzwa paundi 500 kwa mwezi. Mlipaji wa asilimia 20, pamoja na mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8, huokoa paundi 140. Mfuko wake hupungua 360. Ongeza kodi ya manufaa ya mwaka wa kwanza, yapata paundi 27 kwa mwezi, na gari lamgharimu 387. Mwenzake aliye katika daraja la asilimia 40, ambaye mchango wake wa bima katika sehemu hiyo ya mshahara ni asilimia 2, huokoa 210. Kwake kodi ya manufaa ni yapata 53, na gari lile lile lamgharimu 343. (Scotland ina viwango vyake vya kodi ya mapato, na hesabu huko ni nyingine.) Maana yake ni kwamba mwenye mshahara mnono hulipa kidogo kuliko mwenye mshahara wa wastani kwa gari moja. Wanaushirika wamezoea kuuliza ni nani hasa anayenufaika na msamaha wa kodi, na hapa jibu limo katika tarakimu zenyewe.

Mwajiri naye hufaidi. Kila paundi iliyoondolewa katika mshahara humwokolea mchango wa bima ya taifa, ambao kwa upande wa mwajiri umekuwa asilimia 15 tangu Aprili 2025, ingawa hutozwa kiwango hicho juu ya thamani ndogo ya gari. Waajiri wengine huingiza akiba hiyo katika mpango ili kupunguza kodi ya gari. Wengine hubaki nayo kimya. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza.

Chaji ya nyumbani na chaji ya barabarani

Hapa ndipo familia mbili zenye mshahara mmoja na gari moja zinapoachana. Umeme wa nyumbani Uingereza hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na ule wa vituo vya umma asilimia 20. Tena zipo bei za usiku kwa wenye mita za kisasa, ambazo huweza kushuka chini ya pensi 10 kwa yuniti, hali vituo vya chaji ya haraka kando ya barabara kuu huweza kupita pensi 70. Gari la familia likienda maili 3 kwa yuniti moja, safari za maili 9,000 kwa mwaka zitahitaji yuniti 3,000. Kwa pensi 10 hiyo ni paundi 300. Kwa pensi 75 ni paundi 2,250. Tofauti ya karibu paundi 2,000 yatosha kumeza unafuu wote wa kodi uliotajwa juu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye familia lisiwe ni gari gani, bali ni wapi litakapolala. Mwenye nyumba yenye uwanja wa kuegesha huweza kufungiwa chaja ya kilowati 7, na betri ya yuniti 60 hujaa katika muda wa saa 8 au 9 za usiku. Anayeishi ghorofani na kuegesha barabarani hana nafasi hiyo, isipokuwa mwajiri ameweka chaja kazini. Mtu wa namna hiyo afanye hesabu mara mbili kabla ya kumwiga jirani.

Jambo jingine linakuja. Mwezi Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2028 itatoza magari ya umeme pensi 3 kwa kila maili. Kwa maili 9,000 hiyo ni paundi 270 kwa mwaka, nayo itaangukia ndani ya mikataba inayotiwa sahihi kabla ya tarehe hiyo.

Umbali unaoandikwa katika karatasi ya muuzaji ni ule uliopimwa kwa utaratibu maalumu. Katika baridi ya Januari, joto la ndani ya gari likitoka katika betri hiyo hiyo, na katika mwendo wa barabara kuu, umbali hupungua sana. Baba au mama anayewapeleka watoto kwa bibi yao mbali achukue umbali wa majira ya baridi kuwa ndio kipimo chake.

Kuhusu gari lenyewe, betri huwekwa chini ya sakafu. Faida yake ni kwamba sakafu ya nyuma huwa bapa, na anayekaa katikati hapati lile tuta la magari ya kawaida. Hasara yake ni kwamba sakafu huinuka, na kijana mrefu hukaa magoti juu. Sheria ya huko humtaka mtoto atumie kiti maalumu hadi atimize miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litakalotangulia. Basi mwenye watoto watatu wadogo asiridhike na maneno ya "viti vitano". Achukue viti vyake vitatu vya watoto, akavifunge mwenyewe ndani ya gari la maonyesho, kwa sababu magari mengi yana vishikizo vya Isofix katika viti viwili tu vya nyuma. Skoda Enyaq ina buti la lita 585, ambalo hupokea kigari cha mtoto na mizigo ya wiki. Kia EV9 ina safu tatu za viti, lakini bei yake ya orodha yazidi paundi 60,000, na kodi hufuata bei hiyo. Rangi na vioo vya dari ni mapambo, nayo pia huongezwa katika bei inayotozwa kodi.

Mkataba unapovunjika

Kisheria mkodi ni mwajiri. Mfanyakazi akiacha kazi, kampuni ya kukodisha humdai mwajiri faini ya kuvunja mkataba, na mwajiri humgeukia mfanyakazi kwa mujibu wa hati aliyoitia sahihi. Faini hiyo huweza kufikia kodi ya miezi mingi. Baadhi ya mipango huwa na bima ya kumlinda anayepunguzwa kazini au anayeugua, ila mara nyingi miezi ya mwanzo hailindwi, na anayejiuzulu kwa hiari yake huenda asilindwe kabisa. Kifungu hiki kisomwe kabla ya vingine vyote.

Mshahara uliopunguzwa huvuta mambo mengine nyuma yake. Sheria hairuhusu ushuke chini ya kima cha chini cha saa, hivyo mfanyakazi wa ngazi ya chini hukataliwa kabisa. Baadhi ya mifuko ya pensheni hukokotoa mchango juu ya mshahara mdogo uliobaki, na mkopeshaji wa nyumba huweza kuutazama huo huo. Mama mjamzito yampasa kuwa mwangalifu zaidi: malipo ya uzazi ya kisheria hukadiriwa juu ya fedha alizopokea hasa, siyo mshahara wa zamani. Kwa upande mwingine, malipo hayo hayaruhusiwi kupunguzwa kwa ajili ya gari, na mara nyingi mwajiri hujikuta analipa mwenyewe. Ndiyo sababu waajiri wadogo husita.

Maili zilizozidi mkataba hutozwa moja moja, na mikwaruzo inayopita uchakavu wa kawaida hulipiwa siku ya kurudisha gari. Nyumba yenye watoto izingatie hilo. Kadhalika jina la mke au mume liandikwe katika bima tangu mwanzo.

Katibu wa Kenya atakumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 huzuia jumla ya makato kupita theluthi mbili za mshahara. Kuhusu kodi ya gari, sheria ya Kenya hutazama thamani ya asilimia 2 kwa mwezi ya bei aliyonunulia mwajiri. Gari likiwa la kukodi kutoka kwa mtu wa tatu, manufaa huhesabiwa kuwa sawa na gharama ya kulikodi. Kwa mpango huo meneja aliyepewa gari la kukodi hutozwa juu ya kodi yote ya gari, na ule mwanya wa Uingereza haupo. Tanzania ilichukua njia nyingine: jedwali la Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 lilipanga manufaa kwa umri wa gari na ukubwa wa injini, kuanzia injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi ile inayopita 3,000. Mota ya umeme haina ujazo wa namna hiyo. Halmashauri inayofikiria kumpa meneja gari la umeme ipate jibu la maandishi kutoka ofisi ya kodi, ilihifadhi katika jalada la gari, na mkaguzi atakapofika alikute humo.