Paka mchanga akiugua, mpe joto kabla ya maziwa

Msimu wa baridi uliopita, mama mmoja wa hapa Sumbawanga aliniletea binti yake wa miaka sita. Mkononi alikuwa na choa, yale mabaka ya duara yanayowasha. Nilipouliza kama nyumbani wanafuga mnyama, binti alifungua sweta lake. Ndani alikuwamo paka mchanga, amelegea, mwili umepoa. Mama akanionyesha kipande cha kidonge cha parasetamoli alichotaka kumpa "kumshusha homa".

Nilimzuia. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu hushindwa kubeba oksijeni, na kipande kidogo tu kinaweza kumuua. Tena paka yule hakuwa na homa. Alikuwa na baridi.

Mimi ni daktari wa binadamu. Kumtibu paka ni kazi ya afisa mifugo wa kata yako. Lakini huku Ufipa wengi tunafuga paka kwa sababu ya panya wanaotoboa magunia ya mahindi, na wanaowalea ni watoto wetu. Mzazi, ni vizuri ujue mambo haya machache.

Kwanza ni joto. Katika wiki tatu za mwanzo paka hawezi kujitunzia joto la mwili, na usiku wetu wa Juni na Julai unaujua mwenyewe. Ukimkuta amepoa na hanyonyi, mweke kwenye boksi lenye nguo laini, pembeni weka chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo. Mwachie nafasi ya kusogea asiungue. Usimpe maziwa kabla hajapata joto, kwa kuwa tumbo lililopoa halimeng'enyi chakula. Na usiwashe jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haionekani, na itawaua hata ninyi.

Maziwa bora ni ya mama yake. Ya ng'ombe mara nyingi humharisha, hivyo kama ni yatima muulize afisa mifugo umpe nini. Unapomlisha, mlaze kifudifudi. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaweza kuingia mapafuni.

Mpeleke kwa afisa mifugo siku hiyohiyo ukiona hanyonyi ingawa ameshapata joto, anaharisha au kutapika, anahema kwa shida, macho yamegandamana kwa usaha, au fizi zimekuwa nyeupe. Fizi nyeupe mara nyingi ni upungufu wa damu, maana viroboto wengi wanaweza kumnyonya paka mchanga hadi afe. Hata hivyo, usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baadhi ya dawa hizo huua paka.

Sasa tuje kwa mtoto wako. Anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza kumshika paka, na asilale naye kitanda kimoja. Akipata choa au mapunye, mlete kituo cha afya, na paka naye atibiwe, la sivyo ugonjwa utarudi. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku, na mjamzito asikiguse; kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Paka akimng'ata au kumparura mtoto, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Jina ni kichaa cha mbwa, lakini paka naye anaupata na kuuambukiza. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufariki. Chanjo ikiwahi inaokoa. Paka wako naye achanjwe akifikisha miezi mitatu.

Binti yule alipona choa kwa dawa ya kupaka. Paka alipata joto akaanza kunywa, na afisa mifugo akamalizia matibabu. Siku hizi analala kwenye boksi lake, si ndani ya sweta.